Mlango wa Namba Arobaini na Moja

Ukitaka kumkasirisha Rosalia Nandonde, mwambie mlango ni mbao tu. Atakuacha umalize, ataweka randa chini, halafu atakuuliza wewe kwako unalala nyuma ya nini. Ni mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, viganja vigumu kuliko vya wanaume wengi wa mtaa wa Mnolela huko Yombo, na ulimi wake umenolewa kuliko patasi zake zote.

Kazi aliipata kwa baba yake, mzee Stephano, Mmakonde wa Newala aliyekuja Dar es Salaam kuchonga vinyago akaishia kutengeneza milango. Mzee alisema watalii wana msimu, wezi hawana. Alikuwa na watoto wawili wa kiume, wote wakakimbilia kuuza simu Kariakoo, akabaki na binti kwenye vumbi la mbao. Watu walimwonya kwamba anamharibu mtoto, hataolewa. Akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, na katika yote hayo randa haikukaa chini zaidi ya siku arobaini.

Ana utaratibu wake mmoja ambao mafundi wengine wanaucheka. Mlango wowote ulioingia mikononi mwake, uwe mpya au wa kukarabati, haurudi kwa mwenyewe mpaka ulale kwake siku tatu. Anautia kwenye fremu ya nyumba yake, upande wa barabarani. Fremu hiyo aliipasua kubwa kusudi, na mlango ukiwa mdogo anaongezea vipande pembeni mpaka uenee. Halafu anaishi nao. Anaufungua na kuufunga, anasikiliza bawaba, anaangalia jua la mchana linavyoupiga na umande wa alfajiri unavyoulowesha, aone kama utavimba au utapinda. Kwa hiyo nyumba ya Rosalia haijawahi kuwa na mlango wake yenyewe. Wiki hii ni wa bluu, wiki ijayo ni wa mninga wenye maua ya kuchonga.

Mtaa mzima unalijua hilo. Hamida, jirani yake muuza vitumbua, Mmwera wa Lindi na mtani wake, kila asubuhi humpigia kelele kutoka jikoni kwake: "We Mmakonde, leo umevaa mlango wa nani?"

"Wa mtu anayejua kupika," Rosalia humjibu, "siyo wewe."

Wiki ile alikuwa amevaa mlango wa Godlisten. Huyu Godlisten ana nyumba ya vyumba vya kupangisha kule mwisho wa mtaa, namba arobaini na moja. Mchwa walikuwa wameula mlango wake wa mbele kwa chini. Sasa, siku zile vijana wa serikali walipopita kubandika namba za nyumba, walikuta ukuta wa Godlisten hauna plasta na tofali zinamong'onyoka, msumari haushiki. Wakakigongelea kibao mlangoni, wakaenda zao. Godlisten alipoleta mlango kwa Rosalia, aliuleta na kibao chake.

Rosalia alikiona. Alishika hata koleo akitaka kukitoa, halafu akafikiri: kitapotea kwenye maranda haya, na mali ya mtu hairudi pungufu. Akakiacha. Kibao chake mwenyewe, namba kumi na nne, kilikuwa ukutani, kimefunikwa na mbao alizozisimamisha zikauke. Hilo ndilo kosa lake lote. Lipime mwenyewe.

Wakaja Jumanne asubuhi, kumekucha kabisa, akina mama wamepanga ndoo bombani mbele ya nyumba ya Rosalia na Hamida anageuza vitumbua. Magari mawili yalisimama, wakashuka watu wa kile kikosi maalumu cha polisi ambacho mtaani wanakiita Mwewe. Hao siyo polisi wa kukuuliza leseni. Huitwa pale mambo yanapowashinda wengine: majambazi wenye bunduki, watu waliotekwa, nyumba ambayo hakuna askari wa kawaida atakayethubutu kuiingia. Na lazima niseme ukweli, mtaa wa Mnolela unawapenda. Miaka minne nyuma majambazi walijifungia na watu tisa ndani ya duka la jumla pale kona. Mwewe ndio waliowatoa wote tisa wakiwa hai, mmojawapo binti wa Hamida. Siku ile Rosalia alipiga vigelegele mpaka koo likakauka, akawapelekea maji ya kunywa kwa ndoo.

Asubuhi hii hakupata nafasi ya kupeleka maji. Alikuwa ndani anabandika chai, kanga moja kifuani, akasikia, "Polisi! Lala chini!" na papo hapo kile chuma chao cha kubomolea kikaupiga mlango. Mlango ukakataa. Hofu yote ile, na bado moyo wa fundi ukasema, vizuri. Pigo la pili ukakataa tena. La tatu ukapasuka katikati kwa sauti iliyowafanya watu wa bombani waangushe ndoo.

Walimlaza kifudifudi juu ya maranda. Askari mwanamke, uso umefunikwa umebaki macho tu, alimfunga mikono nyuma kwa mkanda wa plastiki.

"Brightson yuko wapi?" sauti ya mwanamume ikauliza.

"Brightson gani?"

"Usitufanye watoto, mama."

Brightson alikuwa mpangaji wa Godlisten, kijana mpole wa kusalimia watu, ambaye kumbe polisi walimtafuta miezi mitatu kwa ujambazi wa silaha. Kule mwisho wa mtaa, kwenye nyumba isiyo na mlango, alisikia kishindo kile cha tatu kama kila mtu, akaruka ukuta wa nyuma, na mpaka leo hajaonekana. Mwewe walifuata namba na namba ikawapa Rosalia.

Wakamtoa nje peku, kichwa kimeinamishwa, kanga inamponyoka na mikono haipo ya kuishika. Akina mama wa bombani, ambao kila mmoja Rosalia alishamtengenezea kitu, kama siyo mlango basi kiti, hawakusema neno. Hamida peke yake ndiye aliyepiga kelele, "Jamani huyo fundi! Huyo fundi wa watu!" akaambiwa arudi nyuma. Rosalia anasema bunduki hazikumuuma. Kilichomuuma ni ile foleni ya ndoo iliyonyamaza.

Huko walikompeleka alikaa saa nne. Afande mmoja aliandika maelezo yake kwa mwandiko mzuri. "Nani alikwambia uhamishie namba arobaini na moja kwako?" alimuuliza. Rosalia akaeleza habari ya siku tatu, umande, bawaba. Afande akaacha kuandika, akatabasamu. "Mlango unalala kwako siku tatu. Mama, hiyo hadithi kawasimulie wajukuu." Saa sita mchana wakamwambia aende, wakimhitaji watamwita. Samahani haikuwepo. Alirudi nyumbani na lile "tukikuhitaji tutakuita" mgongoni, na watu wakaliona kabla hajakaa.

Wanasema lisemwalo lipo, na mtaa ulisema sana. Mmoja akasema Rosalia ni shangazi yake Brightson. Mwingine akasema aliuning'iniza mlango ule makusudi, awapoteze polisi, mwizi akimbie. Halafu mtu fulani, sijui nani na ningemjua ningemwandika hapa, akauliza swali moja dogo lililoharibu kila kitu: vitasa vya mtaa huu wote, nani anavijua nje ndani?

Baada ya swali hilo, wenye milango wakaanza kuja. Walikuja kwa adabu, ndiyo iliyomkera zaidi. Shikamoo fundi, samahani fundi, nimepata dharura naomba mlango wangu hivyohivyo ulivyo. Mwingine hakuja mwenyewe, alituma mkokoteni. Kigango chao kilikuwa kimempa kazi ya milango ya kanisa jipya, milango miwili mikubwa ya mkongo aliyoichora kwa mkono wake na kuionyesha mpaka kwa watu wasiosali. Katekista akaja, akakaa ukingoni mwa kiti. "Kamati imeona tusubiri kwanza, dada Rosalia. Mpaka mambo yatulie." Wiki mbili tu na karakana ilikuwa tupu. Siku ya katekista alilia, na sifichi kwa kuwa mwenyewe hafichi. Fundi milango asiyeaminika hana kazi nyingine ya kufanya duniani. Akanawa uso, akatoka nje, akavichukua vile vipande viwili vya mlango uliovunjwa, akavisimamisha ukutani barabarani, kibao kikiangalia watu.

Godlisten akaja kuulizia mlango wake. "Nitakutengenezea mwingine, mpya," Rosalia akamwambia. "Huu ni shahidi, hauondoki hapa."

Siku chache baadaye akaja kijana aliyevaa kiraia, mstaarabu, kanyoa vizuri, na mafundi wawili na mlango wa chuma juu ya gari. "Shikamoo mama. Tumetumwa tukuwekee mlango. Yaishe."

"Marahaba. Yapi hayo yaishe?"

"Ile ishu ya siku ile."

"Mwanangu," Rosalia akasema, "mlango naweza kuutengeneza mie mwenyewe, tena mzuri kuliko hilo bati lenu. Nyie nileteeni maneno. Mje hapahapa bombani, asubuhi, watu wakiwepo, mseme mlikosea nyumba. Mlinichafua hadharani, hamtanisafisha chooni."

Kijana akamweleza, bado kwa ustaarabu, kwamba kitu kama hicho hakimo kwenye utaratibu.

"Basi na mie kufunga mlango hakumo kwenye utaratibu wangu. Geuzeni gari."

Likageuka. Mpaka siku hiyo alikuwa akijistiri kwa mbao za karakana; sasa akaziondoa, na hapo ndipo alipoanza kulala bila mlango, Yombo hiyo, ambapo watu wanafungia hata ndoo ya kuogea. Fremu ikabaki wazi. Hamida akamletea kanga ya kuning'iniza, imeandikwa MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA, na mkeka wake mwenyewe, akautandika sebuleni.

"Unafanya nini?" Rosalia akamuuliza.

"Nalala hapa. Binti yangu walimwokoa hao hao, siwezi kuwatukana. Lakini siwezi kukuacha wewe peke yako na ukaidi wako. Na nikifia humu, Mmakonde, mazishi yangu utapika wewe na watu watakula wali mbichi."

Mwenyekiti wa mtaa, mwalimu Projestus, Mhaya mstaafu wa shule ya msingi, naye alikuja na busara zake. Alisimama mlangoni asipajue pa kubisha hodi. "Rosalia, dada yangu, ujue serikali haipigi magoti."

"Sijawaambia wapige magoti, mwalimu. Nimewaambia wafungue mdomo."

"Utasubiri sana."

"Nina viti vya kutosha."

Zikatimia siku thelathini na tisa tangu mlango uvunjwe. Mvua ilinyesha mara mbili ikaingia mpaka kitandani. Kuna siku alikula vitumbua vilivyobaki kwa Hamida na maji, basi. Kuna asubuhi aliamka akaangalia ile fremu tupu, akajiuliza kama amekuwa mjinga tu, mwanamke mzima anayesusa kama mtoto. Angeweka ubao wowote pale, mtaa ungesahau polepole. Lakini aliujua mtaa wake. Usingesahau. Ungeacha tu kusema mbele yake, na ukienda kwa fundi mwingine ungepita njia ya nyuma. Akaamka, akafagia, kanga ikabaki palepale.

Jumamosi ukaitishwa mkutano wa ulinzi wa mtaa, na kwenye tangazo mwalimu Projestus akaandika kwamba maofisa wa kikosi maalumu watakuja kuwaeleza wananchi kazi zao. Turubai likafungwa mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, viti vya plastiki vikapangwa, na kwa sababu ni Mwewe watu walifurika mpaka wengine wakasimama kule nyuma kwenye ukuta wa jirani. Rosalia alivaa gauni lake la Jumapili, akakaa mstari wa mbele. Viti viwili vya kulia kwake vikabaki wazi, kushoto akakaa Hamida.

Afande mkubwa aliongea vizuri, mwacheni apewe haki yake. Alieleza wanavyofanya mazoezi, wanavyookoa waliotekwa, wanavyowakabili wenye silaha ili raia alale. Alisema wanaingia mahali ambapo kila mtu anatoka. Alikumbusha hata lile duka la kona, na Hamida akapiga makofi machozi yakimlengalenga. Nyuma ya meza walisimama askari wanne, nyuso wazi leo, mmoja mwanamke. Rosalia hakuwahi kuuona uso ule. Macho aliyajua.

Yakaja maswali. Mmoja akauliza kuhusu vibaka wa bodaboda, mwingine kuhusu taa za barabarani, kana kwamba Mwewe ndio wanaofunga taa. Mkono wa Rosalia ulikuwa juu tangu mwanzo na mwalimu Projestus alikuwa anaangalia kila mahali isipokuwa hapo. Mwishowe Rosalia akasimama bila kuitwa.

"Afande, habari za saa hizi. Naitwa Rosalia Nandonde, fundi milango. Umetuambia kazi yenu ni kuokoa waliotekwa na kukamata wenye bunduki. Nimesikia, na nimepiga makofi, maana mlimtoa mtoto wa jirani yangu hai na hilo silisahau. Sasa niambie. Mkikosea mlango, kazi yenu ni nini?"



"Mama, suala lako tunalifahamu," afande akasema. "Lina taratibu zake. Njoo ofisini tuzungumze."

"Sikukamatiwa ofisini."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza haraka.

"Mama, upelelezi bado..."

"Siku thelathini na tisa, afande! Mnapeleleza nini, bawaba?"  Akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, vifundo vimeshikana. "Kama mie ni mwenzake Brightson, hii mikono hapa, nifungeni sasa hivi, watu wanaona. Kama siye, semeni. Nimechoka kukaa katikati. Siwezi kuuza mlango hata mmoja nikiwa katikati."

Afande akamwangalia mwalimu Projestus. Mwalimu akaangalia karatasi zake. Mikono ya Rosalia ilikuwa bado imenyooshwa, na viganja vyake vikubwa vilionekana mpaka mstari wa mwisho.

"Afande, naomba kusema," yule askari mwanamke akasema.

"Bado, Jovina."

Koplo Jovina akapiga hatua moja mbele, akasimama pembeni ya meza. Alikuwa kijana kuliko Rosalia alivyodhani, na alizungumza akiangalia ile mikono. "Mimi ndiye nilimfunga huyu mama. Tulipewa namba arobaini na moja, na tulielekezwa nyumba ya mwisho wa mtaa. Tulipoiona namba mlangoni katikati ya mtaa, tukaingia. Watu wa bomba walikuwa palepale, hatukumuuliza hata mmoja. Tulikosea nyumba. Huyu mama hakumficha mtu, hana kosa lolote."

Aliyasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayejua atakachoulizwa akirudi kambini. Mkubwa wake hakusema sivyo. Mstari wa mbele wakaanza kupiga makofi. Hamida akapiga kigelegele kirefu, akamshika Rosalia kiunoni asije akaanguka.  Alichotaka Rosalia sasa hivi ni kukaa chini na kulia kama siku ya katekista, basi, yaishe.

Kisha akageuka. Kule nyuma, kwenye ukuta, walikuwa wamesimama wale wa milango: yule wa dharura, yule wa mkokoteni, katekista na wawili wa kamati yake. Walikuwa wamenyoosha shingo, wanaulizana, "Kasemaje? Kasemaje?"

Rosalia akaitoa mikono ya Hamida kiunoni, akasimama mwenyewe.

"Sema tena, mwanangu," akamwambia Jovina. "Wa nyuma hawajasikia."

Jovina akamtazama mkubwa wake, akatazama nyuma kule ukutani, akavuta pumzi. Akasema tena, neno kwa neno, kwa sauti iliyofika.